Hivi dola za Ulaya zilijengwa na vita, au na makarani?

#1 KaraniWaZamani

Wakuu, habari za leo.

Kila nikifungua mada ya historia humu nakutana na kibwagizo kilekile: vita ndivyo vilivyojenga dola za Ulaya. Mfalme anataka kupigana, kupigana kunataka hela, hela zinataka kodi, kodi inataka mtoza kodi, basi, dola hiyo imezaliwa. Watu wanaitamka kwa kujiamini mpaka unaona haya kuuliza.

Mimi nauliza. Ulaya Magharibi ilipigana karne ya 6, ikapigana ya 8, ikapigana ya 10. Charlemagne alikuwa vitani karibu kila kiangazi, na mwaka 843 wajukuu zake wakaikata himaya vipande vitatu kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu. Vita tele, dola iko wapi?

Kilichobadilika kuanzia karne ya 12 ni maandishi. Chukueni kitu kidogo tu: nta. Hati ya mfalme wa Uingereza haikuwa hati mpaka igongwe muhuri kwenye nta, na hesabu za nta iliyotumika zimebaki. Mwishoni mwa miaka ya 1220 ofisi ya muhuri ilitumia ratili kama 3 na nusu kwa wiki. Mwishoni mwa miaka ya 1260 ilikuwa karibu ratili 32 kwa wiki. Mfalme ni yuleyule, Henry III, na kama kuna mfalme ambaye vita vilimshinda ni huyo. Alikwenda Ufaransa 1230 na 1242, mara zote mbili karudi mikono mitupu. Lakini ofisini kwake nta inayeyushwa kutwa.

Swali: nani alijenga dola, askari au karani? Karibuni. Matusi yaacheni nje.

#2 Kiti cha Mbele

Ngoja waje wenyewe. Nimeshakaa.

#3 Mchumi Kajificha

Mtoa mada, nta yako tamu ila umeikata pale panapokufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1260 Uingereza imetoka wapi? Imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Simon de Montfort na makabaila dhidi ya mfalme, mapigano ya Lewes 1264, ya Evesham 1265. Mwaka 1266 waasi wakaambiwa wanaweza kuzikomboa ardhi zao kwa malipo. Kila ardhi inayokombolewa inataka hati. Kwa hiyo hata nta yako inanuka damu.

Sasa njoo kwenye hela halisi. Mwaka 1275 Edward I alipata ushuru wa sufu inayosafirishwa nje: nusu marki kwa gunia, yaani shilingi 6 na peni 8. Mwaka 1294 akaingia vitani na Philip IV wa Ufaransa kwa ajili ya Gascony. Ushuru ukaruka hadi shilingi 40 kwa gunia. Mara sita! Karani gani alikaa akabuni hilo kwa sababu ana wino mwingi? Ni vita. Na 1297 makabaila na wafanyabiashara walipochachamaa, akaufuta na kuthibitisha tena ile hati kuu ya 1215, Magna Carta. Msuguano huo ndio uliowazoesha kuitana na kujadiliana kodi, na humo ndimo Bunge lilimokomaa.

Kabla ya hapo kuna fidia ya Richard I, mfalme wa Uingereza. Katekwa njiani akitoka vita vya msalaba mwishoni mwa 1192, akauzwa kwa mfalme wa Wajerumani, bei marki 150,000. Watu walitozwa robo ya mapato na mali zinazohamishika, na watawa wa Cistercian wakanyang'anywa sufu ya mwaka mzima. Ndiyo shule ya kodi hiyo.

#4 KaraniWaZamani

Mchumi, unanisaidia bila kujua. Matumizi ya nta yalikuwa yakipanda muda mrefu kabla ya Lewes, nenda kaangalie tena. Na fidia ya Richard iliwezekana kukusanywa kwa sababu mtambo ulishakuwepo. Kitabu cha Domesday, daftari la nani ana ardhi gani, ni cha 1086. Kumbukumbu za hesabu za hazina, yale magombo ya ngozi, la kwanza lililobaki ni la 1130. Makarani walishakuwa na orodha: nani ana nini, wilaya gani, anadaiwa kiasi gani. Umteke mfalme wa nchi isiyo na orodha uone kama utalipwa.

#5 Mwanafunzi_F5

Shikamooni wakubwa. Naomba kueleweshwa, hiyo hazina ilifanyaje hesabu wakati walitumia namba za Kirumi? Unajumlishaje MCCXLVII na mengineyo? Shuleni tumepita juujuu.

#6 Mhasibu wa Kariakoo

Marahaba mwanangu. Hapa umefika kwangu, maana ni kazi yangu kila siku ingawa mimi natumia kompyuta.

Namba za Kirumi zilikuwa za kuandikia tu. Hesabu ilifanywa mezani. Meza yenyewe urefu futi 10, upana futi 5, ina ukingo pembeni vitu visidondoke. Juu yake kitambaa cheusi chenye mistari. Safu hii peni, inayofuata shilingi, kisha pauni, ishirini ishirini, mamia, maelfu. Mhesabuji anapanga vidonge vya kuhesabia kwenye safu. Upande mmoja kile alichotakiwa kuleta sherifu wa wilaya (si sherifu wa filamu za Marekani mwenye farasi na bastola, huyu ni mwakilishi wa mfalme), upande wa pili alicholeta. Unatoa kimoja kwenye kingine mbele ya macho ya kila mtu. Asiyejua kusoma naye anaona deni limebaki. Sherifu alikuja mara mbili kwa mwaka, baada ya Pasaka na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba.

Na risiti ilikuwa kijiti! Fimbo ya mti, mara nyingi mhazeli, inachanjwa kwa kisu. Pauni elfu moja, chanjo pana kama unene wa kiganja. Mia moja, upana wa dole gumba. Ishirini, kidole kidogo. Pauni moja, kama punje ya shayiri iliyokomaa. Peni ni mkwaruzo tu. Halafu kijiti kinapasuliwa kwa urefu, nusu anaondoka nayo aliyelipa, nusu inabaki hazina. Siku ya ukaguzi mnaziunganisha. Ukiongeza chanjo kwenye nusu yako, haitalingana na mwenzake. Mimi kwenye kazi hii nimeona risiti za kughushi za kila aina, lakini hiyo ya kijiti sioni mwanya wake.

Vijiti hivyo viliendelea kutumika mpaka karne ya 19. Mwaka 1834 waliamua kuchoma shehena ya vijiti vya zamani kwenye matanuri chini ya jengo la Bunge pale Westminster. Moto ukapanda, jengo likateketea.

#7 Kiti cha Mbele

Yaani Bunge liliunguzwa na risiti 😂😂

#8 Mhasibu wa Kariakoo

Ndiyo maana mimi nawaambia wateja wangu risiti zitunzwe.

#9 Mseminari Mtoro

Nimewasoma wote, na wote mnapita pembeni ya mwenye nyumba. Hao makarani ni akina nani? Watu wa kanisa. Nani alikuwa na kodi, mahakama za rufaa, sheria iliyokusanywa, mabalozi na kumbukumbu za barua kabla ya mfalme yeyote? Papa.

Gregory VII mwaka 1075 ameshatamka kwamba Papa anaweza kumwondoa mfalme wa Wajerumani madarakani. Kufika 1140 hivi Gratian pale Bologna amekusanya sheria za kanisa zinazogongana na kuzipatanisha. Mwaka 1199 Innocent III anawatoza makasisi sehemu moja ya arobaini ya mapato yao kwa ajili ya vita vya msalaba. Wafalme walitazama wakaiga. Hata ile zaka ya Saladin (kodi ya vita vya msalaba) ya 1188 nchini Uingereza ilikusanywa parokia kwa parokia.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kabla ya 1215, mtu akituhumiwa na hakuna shahidi, anapewa chuma cha moto abebe hatua kadhaa. Mkono unafungwa kitambaa, baada ya siku tatu unafunguliwa. Kidonda kikiwa safi, hana hatia. Kikiwa na usaha, imekula kwake. Ili Mungu aseme, lazima padre abariki chuma. Mtaguso wa nne wa Laterano mwaka 1215 ukawakataza mapadre kubariki. Wiki moja Mungu ndiye hakimu, wiki inayofuata hayupo mahakamani!

Mwaka 1219 serikali ya Uingereza ikawaandikia majaji wake maelekezo ya muda, kimsingi tumieni busara zenu. Wakaishia kwa jopo la watu kumi na wawili wa mahali hapo. Bara, Ufaransa na Italia, wakaishia kwa hakimu anayehoji na kuandika, na baadaye mateso ya kumtoa mtu ungamo. Kwa njia zote mbili ukweli unatafutwa sasa na mtumishi wa dola. Hakuna vita hapo, na karani wenu alikuwa ameketi akisubiri Papa aamue.

#10 Mchumi Kajificha

Mseminari, hilo la chuma cha moto nimelipenda, nalichukua. Ila huyo Papa wako mwisho wake unaujua. Mwaka 1296 Boniface VIII akakataza makasisi kulipa kodi kwa wafalme bila idhini yake. Philip IV akajibu kwa kuzuia dhahabu na fedha kutoka Ufaransa, hela za Roma zikakatika. Mwaka uliofuata Papa akalegeza. Wakagombana tena, na Septemba 1303 Nogaret akamfuata Anagni akampiga kofi. Papa kupigwa kofi na mwanasheria wa mfalme! Hapo utajua nani baba na nani mtoto.

#11 Mseminari Mtoro

Kofi hilo, kwanza, wanaolisimulia humpa Sciarra Colonna, siyo Nogaret. Pili, ni hadithi tu, wanahistoria wengi hawaliamini. Cha hakika ni kwamba walimshika, wakamweka chini ya ulinzi siku chache, wananchi wa Anagni wakamtoa.

#12 Mchumi Kajificha

Kofi au si kofi, mwezi uliofuata alikuwa marehemu. Na 1309 Papa mwingine akahamia Avignon, mlangoni kwa mfalme.

Na huyohuyo Philip msimsahau: 1306 akawafukuza Wayahudi na kutwaa mali zao, Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307 akawakamata Watempla (watawa wapiganaji wa vita vya msalaba) nchi nzima kwa siku moja, na katikati ya yote hayo anachakachua sarafu mpaka watu wakamwita mfalme wa sarafu bandia. Vita vya Flanders vilikuwa vinamla hela. Ila kwa ajili ya mtoa mada nikiri kitu kimoja: kukamata watu nchi nzima alfajiri moja kwa barua zilizotumwa zikiwa zimefungwa wiki kadhaa kabla, hiyo ni kazi ya makarani.

#13 MwanaMvita

Hamjambo nyote. Nyinyi kaka zangu mwazungumza mfalme, Papa, karani, mfalme. Je, watu wa kawaida? Dola ilishushwa tu kutoka juu kama mvua?

Mie naona watu wenyewe waliivuta. Tangu enzi za Henry II, miaka ya 1160 na kuendelea, mtu akinyang'anywa ardhi alinunua hati ya mfalme, na swali mahakamani likawa fupi: huyu alikuwa akikalia ardhi hii, na je, katolewa bila hukumu? Jopo lajibu ndiyo au la. Huhitaji kujua mwenye ardhi wa asili ni nani tangu enzi za mababu. Mnyonge alikuwa ampeleke bwana wake kwa nani, kwa bwana huyohuyo? Akaenda kwa mfalme. Na kila aliyekwenda alilipa ada na kuongeza ile nta ya mtoa mada.

Ufaransa nako kuna kisa cha Enguerrand wa Coucy, 1259. Vijana watatu kutoka Flanders walikuwa wanakaa kwenye abasia kujifunza Kifaransa. Wakatoka na pinde kuwinda sungura, wakavuka mpaka wakaingia msitu wa Enguerrand. Akawakamata, akawanyonga, bila kesi. Zamani ingekuwa imeisha, bwana na msitu wake. Safari hii malalamiko yakafika kwa Louis IX. Mfalme akatuma askari wake kumkamata, akamweka kizuizini Louvre. Enguerrand akataka shauri liamuliwe kwa pambano la silaha, mfalme akakataa. Makabaila wa Ufaransa karibu wote wakaja kumwombea. Louis alitaka kumwua, mwishowe akamtoza faini kubwa sana na kumlazimisha agharimie misa za kuwaombea wale vijana.

Mwajua kilichowatisha makabaila? Si faini. Ni kuona kabaila mkubwa namna ile anahojiwa kama mtu yeyote.

#14 Kiti cha Mbele

Dada MwanaMvita umetubadilishia hali ya hewa. Ila kumbuka aliyenyongwa ni sungura wangapi? 😅

#15 MwanaMvita

Sungura walipona. Rudi kwenye kiti chako.

#16 MzeeWaGulio

Vijana, mimi nasoma taratibu. Huyu binti anasema watu waliivuta dola. Labda mahakama waliivuta. Kodi hapana.

Sisi tulioishi na kodi ya maendeleo kabla haijafutwa 2003 tunajua. Siku ya gulio mgambo wanatega njia panda tangu alfajiri, huna risiti unakalishwa chini. Wanaume wanapita katikati ya mashamba ya mahindi, wanawake wanapita barabarani na mizigo, wanaulizwa mume wako yuko wapi, hajulikani alipo. Siku hiyo kijiji hakina mwanamume hata mmoja.

Sasa someni Uingereza. Mwaka 1377 kodi ya kichwa peni 4 kwa kila aliyezidi miaka 14. Mwaka 1379 wakaipanga kwa vyeo. Mwishoni mwa 1380 Bunge likapitisha peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15, na vita vya Ufaransa haviendi popote. Mwaka 1377 walihesabiwa walipakodi zaidi ya milioni 1.3. Mwaka 1381, kama laki 9. Theluthi ya watu imeyeyuka ndani ya miaka minne na hakuna tauni ya kiasi hicho. Wengi waliopotea kwenye orodha ni wanawake wasioolewa, mabinti, wajane. Kule waliwaficha wanawake, kwetu walijificha wanaume, lakini shamba la mahindi ni lilelile.

Serikali ikatuma wakaguzi. Mwishoni mwa Mei 1381 watu wa Essex wakawatimua kule Brentwood, Kent ikawaka, tarehe 13 Juni wako London. Walichoma jumba la Savoy la John of Gaunt, baba mdogo wa mfalme. Wakamkata kichwa Simon Sudbury, askofu mkuu wa Canterbury, pamoja na mtunza hazina wa mfalme. Wat Tyler, kiongozi wa waasi, akauawa tarehe 15 pale Smithfield mbele ya mfalme wa miaka 14.

Kila walipopita walichoma nini? Hati. Magombo ya mahakama za mabwana, orodha za madeni. Cambridge bibi mmoja alirusha majivu ya nyaraka hewani akipiga kelele kwamba elimu ya makarani na iondoke. Mtoa mada, bibi huyo anakuunga mkono kuliko mtu yeyote humu. Alijua adui yake nani.

#17 KaraniWaZamani

Mzee wangu, shikamoo. Huyo bibi nampa uzi wote.

#18 Mchumi Kajificha

Mzee katupa utamu lakini amelipita tauni kwa haraka. Hiyo ni maelezo mengine kabisa. Tauni ya 1348 na 1349 iliua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza, wengi wanakadiria theluthi hadi nusu. Vibarua wakawa adimu, mishahara ikapanda. Mwaka 1349 amri ya mfalme, 1351 sheria ya Bunge: hakuna kulipwa zaidi ya ilivyokuwa kabla ya tauni, na hakuna kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Wakateuliwa mahakimu wa kuwasaka wavunjaji. Kabla ya hapo serikali kuu ilihusika wapi na ujira wa mvunaji? Sasa inamfuata shambani kumuuliza kapewa peni ngapi. Hilo si vita, si kanisa. Ni matajiri wa mashamba waliokimbilia dola iwashikie vibarua wao.

#19 Mwanafunzi_F5

Kwa hiyo mkuu Mchumi umehama kutoka vita?

#20 Mchumi Kajificha

Sijahama, nimeongeza chumba.

#21 Mbongo wa Ghent

Wakuu salaam kutoka Flanders. Nimechelewa, nilikuwa zamu.

Mnaongea kana kwamba Ulaya ilikuwa Uingereza na Ufaransa. Huku ninakoishi tarehe 11 Julai ni sikukuu. Wanaadhimisha mapigano ya Kortrijk ya 1302, ambapo wafumaji na mafundi wa miji wenye marungu yenye ncha ya chuma waliwaangusha mashujaa wa farasi wa huyohuyo Philip IV. Miji hii ilikuwa na hela, majeshi ya vyama vya mafundi na mahakama zake. Mwaka 1336 Edward III alipozuia sufu isije huku, viwanda vikalala, na 1338 watu wa Ghent wakamweka madarakani Jacob van Artevelde, mfanyabiashara, akapatana na Waingereza bila kumjali mtawala wa Flanders wala mfalme wa Ufaransa.

Italia ndiyo usiseme. Venisi tangu 1262 imeunganisha mikopo yake ya lazima kuwa deni moja linalolipa riba ya asilimia 5. Florensi ikafanya hivyo 1345. Mwaka 1427 Florensi wakaandikisha kaya kama 60,000: nyumba, mashamba, ng'ombe, madeni, midomo ya kulisha. Ufaransa isingeweza hata kuota jambo hilo. Kama makarani ndio dola, basi miji ndiyo ilikuwa dola za kweli na wafalme wanafuata nyuma.

Na Wajerumani je? Walipigana kuliko wote, na 1356 mfalme wao mwenyewe anaandika kwenye hati ya muhuri wa dhahabu kwamba wateuzi saba ndio wanaomchagua mfalme na kila mmoja anajitawala kwake. Vita vyote hivyo havikuwapa dola moja. Mchumi, hapo unasemaje?

#22 Mchumi Kajificha

Nasema dola zilijengeka, ila zilikuwa ndogondogo. Kila mtawala mdogo wa kule akajenga yake. Ukubwa si hoja.

Lakini Ufaransa hamjanijibu. Mwaka 1356 mfalme Jean II katekwa na Waingereza pale Poitiers. Mapatano ya 1360: fidia ya ekyu milioni 3. Hapo ndipo sarafu ya faranga ilipozaliwa, na kodi zilizowekwa kumkomboa, za chumvi, za mvinyo, za bidhaa sokoni, hazikuondoka naye. Charles V alipokuwa anakufa 1380 akaifuta kodi ya kaya, roho ikimsuta labda. Warithi wake wakajaribu kurudisha kodi, Paris na Rouen zikalipuka 1382, zikapigwa, kodi zikarudi. Mwaka 1445 Charles VII akaunda jeshi la kudumu, vikosi 15, kila kimoja mikuki 100, kila mkuki watu sita. Jeshi la kudumu na kodi ya kudumu, bila kuomba idhini kila mwaka. Mnaiitaje hiyo kama si dola iliyozaliwa vitani?

#23 KaraniWaZamani

Mwaka 1445 kulikuwa na vita? Mapatano ya kusimamisha mapigano yalisainiwa Tours 1444! Jeshi hilo liliundwa wakati wa utulivu, kwa sababu askari wasio na ajira walikuwa wanazurura wakinyang'anya vijiji. Mfalme akachagua wachache wa kuwalipa, wengine akawaambia nendeni makwenu. Ni kazi ya orodha, nani yumo na nani hayumo.

#24 Mbongo wa Ghent

😂😂 Mchumi anywe maji kwanza.

#25 Shamshi wa Ng'ambo

Assalaam aleikum. Uzi mzuri, ila mnaihesabu Ulaya kama kisiwa. Sisilia mmeisahau makusudi?

Wanormani walipoiteka Sisilia kutoka kwa Waislamu hawakuvunja ofisi, walizikalia. Roger II, aliyetawazwa 1130, alikuwa na diwani, yaani ofisi ya serikali, ya ardhi na mapato, makatibu wanaandika Kiarabu, Kigiriki na Kilatini, na mtindo wa kazi umechukuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka Misri ya Wafatimi. Barua ya karatasi ya mwaka 1109, ya mama yake Adelasia, kwa Kigiriki na Kiarabu, ni miongoni mwa hati za karatasi za zamani kabisa zilizobaki Ulaya. Wengine wakati huo bado wanachuna kondoo.

Mjukuu wake Frederick II alianzisha chuo kikuu Naples mwaka 1224, kusudi apate watumishi wa serikali, siyo mapadre. Mwaka 1231 akatoa sheria za Melfi kwa ufalme wote. Humo humo akakataza hati rasmi kuandikwa kwenye karatasi, lazima ngozi, kwa sababu karatasi haikudumu. Basi msituambie Kanisa lilifundisha kila mtu kazi ya ofisi.

#26 KaraniWaZamani

Shamshi, aleikum salaam, na chukua hii. Kulikuwa na Mwingereza anaitwa Thomas Brown. Alifanya kazi kwenye hiyohiyo diwani ya Roger II, kwenye hati za Kiarabu anaitwa Kaidi Brun. Roger alipofariki mambo yakamharibikia kule, akarudi kwao, na Henry II akampa kiti kwenye ile meza ya hazina aliyoieleza Mhasibu, akiwa na gombo lake binafsi la kumbukumbu. Mtu mmoja ameketi Palermo na Westminster.

#27 Mseminari Mtoro

Safi sana. Lakini mtu mmoja haanzishi mfumo. Meza ya hazina Uingereza ilikuwepo kabla Brown hajarudi, mtoa mada mwenyewe katuambia gombo la 1130.

#28 Shamshi wa Ng'ambo

Sijasema kaianzisha. Nimesema maarifa yalikuwa yakisafiri.

#29 MwanaMvita

Na yalisafiri hadi kwetu. Ureno ni mtoto wa habari hii hii: mfalme anayemiliki biashara, ghala la mfalme, karani ndani ya kila jahazi akiandika mizigo. Mwaka 1505 Almeida, kamanda wa Wareno, alifika Kilwa na barua ya mfalme Manuel na maagizo ya kujenga ngome, Agosti wakaichoma Mombasa. Kilwa yenyewe ilikuwa ikigonga sarafu zake za shaba kabla yao. Ngome waliiacha 1512, haikulipa.

#30 Kiti cha Mbele

Dada hiyo mfungulie uzi wake, tutahamia wote. Hapa tutagombana mpaka kesho.

#31 Mwanafunzi_F5

Swali la mwisho jamani, mtihani unakaribia. Hao makarani wote mnaowasifia walilipwa na nani? Maana mfalme kila siku analia hana hela.

#32 Mhasibu wa Kariakoo

Swali la mhasibu hilo. Mishahara ya fedha taslimu ilikuwa midogo au haipo. Karani mzuri alipewa parokia yenye mapato, akapandishwa kuwa kanoni (padre wa kanisa kuu), akibahatika askofu. Parokia anamwachia padre wa kukaimu kwa ujira mdogo, yeye yuko ofisini kwa mfalme. Yule Sudbury aliyekatwa kichwa 1381 alikuwa askofu mkuu na wakati huohuo ndiye kansela, mkuu wa ofisi ya muhuri.

#33 Mseminari Mtoro

Mmeona? Mishahara ya dola ililipwa na sadaka na zaka za waumini. Nimemaliza. KaraniWaZamani, karani wako alikuwa anakula kwangu.

#34 Mchumi Kajificha

Na haki ya kuwapachika hao makarani kwenye viti vya kanisa mfalme aliipata wapi? Muulize Boniface. Naingia kazini, jioni nitakuta mmeandika nini.